SOMO: JINSI NANGA INAVYOSHIKA MASHUA



Katika vikundi vya mafunzo tulikuwa tunasoma Matendo ya Mitume sura ya 27, ile safari ya mtume Paulo kwenda Roma. Tulipofika mstari wa 29, mabaharia wanapotupa nanga nne usiku, kijana mmoja wa Walikale aliinua mkono akauliza: "Shemasi, nanga ni kitu gani? Na inawezaje kusimamisha meli yenye watu 276?" Tulimjibu upesi kwamba nanga ni chuma kizito sana, na uzito wake ndio unaoizuia meli. Watu wakaridhika, tukaendelea na mstari wa 30.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikumbuka jambo lililotupata sisi wenyewe ziwani, mwezi wa Aprili 2024, tukatambua kwamba tumewafundisha watu uongo. Somo hili ni la kusahihisha jibu lile. Tunaomba radhi kwa kijana yule, na tunaomba mlisome kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu tumepanda mashua bila kujua mambo haya.

Sisi watu wa Masisi ni watu wa milima na ng'ombe. Maji tunayojua ni yale ya maziwa ya Mokoto na ya vijito. Ndugu zetu wa Walikale wanajua mito, Lowa na Oso, na mitumbwi inayofungwa kwenye mti. Lakini mnakumbuka kwamba mwezi wa Februari 2024 vita vilipofika Sake na barabara ya Goma kwenda Minova ikakatika, watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga mashua walilazimika kupita Ziwa Kivu: akina mama wachuuzi, wanafunzi, wagonjwa, na sisi tuliokuwa na matanga huku na huku.

Siku ile ya Aprili tulikuwa waumini wanane, tunarudi kutoka matanga. Mashua ilikuwa ya mbao, yenye motere moja, imepakia magunia, watu na mbuzi sita. Jioni, karibu na Bweremana, motere ilinyamaza. Upepo ulikuwa unavuma kutoka ziwani, unatusukuma kwenye mawe ya ufukoni. Kijana msaidizi alichukua jiwe jeusi la volkano lililofungwa kwa waya, akalitupa majini na kamba yake. Jiwe likafika chini. Kamba ikasimama wima kama mnyororo wa kisimani. Tukasema asante Mungu. Lakini tulipotazama ufuko, miti ilikuwa inazidi kuwa mikubwa. Tulikuwa tunakwenda, na jiwe letu linakwenda pamoja nasi.

Basi mzee mmoja mvuvi, mtu wa kisiwa cha Idjwi, ambaye tangu tuondoke alikuwa amekaa kimya juu ya gunia lake la mihogo, alisimama. Alivuta jiwe juu, akapima sehemu ya kamba iliyolowa kwa kunyoosha mikono yake miwili: pima nne. Kamba yote ilikuwa pima tano. Akamwuliza kijana: "Mwanangu, hamna chuma humu?" Wakatafuta, na chini ya magunia wakakuta nanga ndogo ya vidole vinne, iliyofuliwa kwa vyuma vya kujengea nyumba. Hakuna aliyekuwa ameitumia kwa muda mrefu, maana ilikuwa nyepesi, na watu waliona jiwe lina uzito zaidi. Mzee akaifunga. Kisha akaomba kamba. Akachukua ya kufungia mizigo, akaunganisha, bado haikutosha. Akachukua na kamba za mbuzi. Mama mwenye mbuzi alipiga kelele, na mbuzi wakaanza kutembea juu ya miguu yetu, lakini mzee hakujali. Alipofika pima ishirini na tano akasema inatosha. Na lile jiwe hakuliacha: alilifunga juu ya kamba, pima mbili mbele ya chuma. Akatupa vyote kwa upande wa mbele wa mashua, akaachia kamba polepole huku tukirudi nyuma. Kamba ilikazika mara moja, mashua ikageuka ikaelekeza pua yake kwenye upepo, ikakaa pale. Tulikaa hivyo mpaka motere ilipotengenezwa, yapata saa nne za usiku.

Tulimwuliza mzee: "Baba, kwa nini chuma kidogo kimeshika na jiwe kubwa halikushika?" Akatujibu: "Shemasi, jiwe halishiki mashua. Udongo ndio unashika. Chuma ni mkono tu wa kuushika udongo."

Wapendwa, maneno yale ya mzee ndiyo somo lenyewe. Tuyafungue sasa.

Chukueni jembe. Mkilipiga ardhini na kuvuta mpini ukiwa chini, karibu na udongo, jembe linazidi kuzama. Mnavuta bonge zima la shamba. Mkiuinua mpini juu, jembe linachomoka, hata mtoto anaweza kulitoa. Nanga ni jembe la chini ya maji. Makucha yake ndiyo blani ya jembe, na kamba ndiyo inayouvuta mpini. Kamba ikilala, karibu na sakafu ya ziwa, kila mvuto wa mashua unazidisha kuzamisha makucha: kadiri upepo unavyovuta, ndivyo nanga inavyoingia. Kamba ikisimama wima, kila wimbi linaloinua mashua linaichomoa nanga kidogo, halafu tena kidogo, mpaka inaburuzika.

Au mfikirie mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Anavuta kutwa nzima kwa kamba ndefu na kigingi hakitoki, kwa sababu anavuta pembeni. Jioni mtoto wa miaka saba anakuja, anakishika kigingi na kukivuta kwenda juu, kinatoka. Mtoto hana nguvu kushinda mbuzi. Ni upande wa kuvuta tu umebadilika.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza si uzito wa nanga, bali urefu wa kamba. Mabaharia wana kipimo chao: mnapima kina cha maji, mnaongeza kimo cha pua ya mashua juu ya maji, halafu mnazidisha. Mnyororo mzito unaweza kutosha mara tano. Kamba tupu, ambayo ni nyepesi na inainuka upesi, ni afadhali mara saba, na katika dhoruba zaidi ya hapo. Sisi siku ile tulikuwa na pima tano za kamba kwenye pima nne za maji. Hata jiwe la kilo mia lingeburuzika.

Sasa jiwe. Wengi wetu hatujui kwamba kitu kikiingia majini kinapoteza uzito. Jiwe la kawaida gumu la kilo 30 likiwa ndani ya maji linakuwa kama la kilo 18 au 19 hivi. Jiwe la volkano lenye matundu, kama yale yaliyotapakaa Goma, linapoteza zaidi, pengine hata nusu. Chuma cha kilo 30 kinabaki na kilo 26 hivi. Tena jiwe ni la mviringo, halina kucha. Linakaa juu ya udongo kama mgeni asiyekaribishwa. Watu wa kale walitumia mawe yaliyotobolewa tundu, na kwa mtumbwi mdogo kwenye maji yaliyotulia jiwe linafaa hata leo. Hatulidharau. Lakini kwa mashua ya watu hamsini na upepo, halitoshi.

Kwa nini basi mzee hakulitupa jiwe? Hapo ndipo tulipoona akili yake. Alilifunga juu ya kamba, karibu na chuma, ili likandamize kamba chini. Wimbi likija, mashua inavuta, kwanza inapaswa kuinua jiwe. Wakati inaliinua, nguvu ya wimbi inapungua. Na chuma huko mbele kinaendelea kuvutwa pembeni. Kazi ya jiwe ilikuwa kulaza kamba, si kushika mashua. Na hiyo ndiyo kazi ya mnyororo mzito wa meli kubwa za baharini. Mnyororo unalala chini kwa sehemu ndefu, kisha unapanda kwa kujipinda mpaka kwenye pua ya meli. Ukisimama Mombasa ukaona meli imetulia nje ya bandari ya Kilindini, ujue kwamba chini yake kuna urefu mwingi wa mnyororo uliolala kwenye matope, na nanga iko mbali mbele yake, haiko chini ya miguu ya meli. Mabaharia huhesabu mnyororo huo kwa vipande vya mita 27 na nusu hivi.

Watu wa pwani wana maneno yao kwa mambo haya. Nanga ya vidole vinne, kama ile tuliyoikuta chini ya magunia, ni ya zamani kwenye majahazi. Ile kubwa ya kizungu, yenye mikono miwili na mti unaovuka juu, huitwa baura. Mkiona picha ya nanga kwenye vitabu, mara nyingi ni hiyo. Ule mti wa juu si pambo. Umewekwa kwa kuvukana na mikono, ili nanga ikianguka ubavu, mti huo uigeuze na kucha moja ielekee chini. Bila mti huo mikono yote miwili ingelala bapa na kuteleza. Meli za leo zina nanga isiyo na mti. Mikono yake inakunjuka yenyewe ikivutwa, na nanga inaweza kupandishwa mpaka ndani ya tundu lake kwenye ubavu wa meli. Na mwaka 1933 mwanasayansi Mwingereza, Geoffrey Ingram Taylor, alitengeneza nanga yenye umbo la plau, ile ya kulimia kwa ng'ombe. Tunafurahi kuona kwamba mtu wa hesabu nyingi na mzee wa Idjwi wamekutana shambani.

Jambo la pili ni udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi na matope mazito hushika vizuri. Mchanga uliokazana nao ni mzuri. Matope laini kama uji hayashiki nanga ndogo. Majani ya majini hudanganya: kucha inashika majani, unadhani umefunga, kisha majani yanang'oka. Mawe ni kubahatisha. Pengine nanga haipati pa kuingia, pengine inanasa kwenye ufa na haitoki tena. Huko kwetu jambo hili si dogo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto wa volkano ukapita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Mahali kama pale chini ni mwamba mkali unaokata kamba. Kinyume chake, penye mdomo wa kijito kinachoshuka kutoka milimani, mvua imeleta udongo wa mashamba yetu kwa miaka mingi. Tunapolia kwamba mmomonyoko unachukua shamba, kumbe udongo ule ule ndio uliotushika usiku ule. (Hatusemi msichimbe mifereji ya kuuzuia. Chimbeni.)

Jambo la tatu ni kina, na hapa Ziwa Kivu lina ugumu wake. Mahali pake pa kina kirefu linazidi mita 470, na sehemu nyingi ufuko unashuka ghafula kama ukuta. Mkizidisha mita 470 mara saba mtaona kwamba hakuna mashua inayoweza kubeba kamba hiyo. Maana yake ni kwamba nanga ni ya karibu na nchi kavu tu. Katikati ya ziwa haina kazi. Motere ikifa huko, hatari ya kwanza ni mashua kugeuka ubavu na kupigwa na mawimbi. Wavuvi hufanya hivi: wanafunga ndoo, au shitingi iliyokunjwa kama mfuko, kwenye kamba ndefu, wanaitupa mbele ya mashua. Haigusi chini. Inakamata maji, inasafiri polepole kuliko mashua, na hivyo inaivuta pua ikabili mawimbi. Haizuii mashua kusukumwa, lakini inaizuia isilale ubavu. Shitingi tulizopewa kambini zinaweza kufanya kazi hiyo.

Kwa ndugu wa mitoni tuongeze neno moja. Katika mto wenye nguvu kama Lowa, msitie nanga kamwe kwa ubavu au kwa nyuma ya mtumbwi. Maji yanakuja yote upande mmoja, yanapanda juu ya ukingo, na mtumbwi unajaa kabla hamjasema neno. Fungeni mbele, na kisu kiwe karibu.

Mtatuuliza: mbona mabaharia wa Paulo walitupa nanga kwa upande wa nyuma? Ni swali zuri. Someni tena mistari ya 27 hadi 29. Ulikuwa usiku wa kumi na nne. Walipima kina wakapata pima ishirini; wakaendelea kidogo, wakapima tena, wakapata kumi na tano. Ni kazi ile ile ya mzee wetu na kamba iliyolowa. Walijua nchi iko karibu na mawe yapo. Kama wangefunga mbele, upepo ungeigeuza meli nzima, na asubuhi pua ingekuwa imeelekea baharini. Walifunga nyuma ili pua ibaki inatazama nchi kavu, wapate kuikimbiza ufukoni kukipambazuka. Na nne, kwa sababu moja ikiburuzika tatu zibaki. Nanga za wakati ule zilikuwa za mti, na ule mti wa kuvuka juu ulikuwa wa risasi nzito ili kuuzamisha. Wapiga mbizi wamepata vyuma hivyo vya risasi huko Malta katika miaka yetu hii. Mstari wa 30 sasa mtauelewa: wale waliojifanya wanapeleka nanga za mbele kwa mtumbwi walisema neno la kuaminika kabisa kwa baharia. Ndiyo maana ilihitajika mtu wa kuwatambua.

Na Waebrania 6:19? Wengi tumehubiri pale kwamba nanga ni nguvu. Tazameni mwandishi anazungumza nini: anataja mahali inapoingia, ndani, pasipoonekana. Alijua nanga.

Tuseme pia habari za nanga inayoburuzika, maana madhara yake hayaishii kwenye mashua moja. Februari 2012 meli iliyokuwa nje ya bandari ya Mombasa ilitupa nanga mahali palipokatazwa, ikakata waya wa mawasiliano ulio chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa nzito. Na mwezi wa Februari 2024 meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora katika Bahari ya Shamu. Mabaharia walitia nanga wakaikimbia. Nanga haikushika. Meli ilielea siku nyingi ikiiburuza, nyaya za chini ya bahari za eneo lile zikakatika, na tarehe 2 Machi ikazama. Chuma kile kilikuwa kizito sana. Uzito haukusaidia.

Mtajuaje kwamba nanga yenu inaburuzika? Usiku wa Bweremana sisi tulitazama miti inakua. Njia bora ni kuchagua vitu viwili ufukoni vilivyo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti na nyumba iliyo nyuma yake, upande wa ubavu wa mashua. Mti ukiiacha nyumba na usirudi, mnakwenda. Vilevile wekeni mkono juu ya kamba: nanga iliyoshika, kamba inakazika na kulegea polepole. Nanga inayoburuzika, kamba inatetemeka kama gari kwenye barabara ya mawe.

Kuing'oa ni kazi ya mtoto na kigingi. Msivute kutoka mbali. Vuteni mashua yenyewe mpaka iwe juu ya nanga, kamba ikiwa wima, kisha inueni.

Hatutaki mtu aelewe vibaya. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliosimama ufukoni. Wengi walikufa, na baadhi yenu mlizika. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Nanga isingeiokoa. Kwa hiyo kabla ya kutazama nanga, tazameni umbali kati ya ukingo wa mashua na maji. Ukiwa mdogo, shukeni, hata kama mmekwisha kulipa.

Lakini mkikuta mashua imepakia vizuri, ulizeni kamba iko wapi. Kapiteni akicheka, acheni acheke.

Maswali kwa vikundi. Viongozi waje na majibu yaliyoandikwa:

1. Mashua iko kwenye maji ya mita 6, na pua yake iko mita 1 juu ya maji. Kuna kamba ya mita 20, bila mnyororo. Inatosha? Ikiwa haitoshi, inapungua mita ngapi, na ndani ya mashua ile mngeongeza nini?

2. Katika Matendo 27:40 mabaharia walikata kamba wakaziacha nanga zote nne baharini. Kwa nini hawakuzivuta?

3. Nani kati yetu ana kamba ndefu nyumbani asiyoitumia? Mama mwenye mbuzi bado anadai zake mbili.